Daftari la Gari la Buluu

Ukurasa wa kwanza umelowa chai:
Juni, Kilindini, kilomita elfu sabini na mbili.
Nilikuwa karani wa forodha,
nimegonga mihuri magari ya watu miaka tisa
kabla hili halijashuka melini na jina langu kwenye karatasi.

Buluu. Milango minne. Turbo.
Kwenye boneti pua pana, imefunuka
kama ya mtu aliyenusa biriani nyumba ya pili.
Badi akalizunguka mara mbili:
"Hili la familia, au la mashindano?"
Nikamwambia, fungua buti.
Likaingia gunia la mchele, kigari cha mtoto,
na mama yake pia angeingia, lau tungemkunja.

Kipya kinyemi.
Alfajiri, daraja la Nyali tupu,
nilikanyaga, kidogo tu.
Turbo ikavuta pumzi,
na kwa sekunde nne sikuwa mama wa mtu,
wala mke, wala karani.
Kisha matuta ya Kongowea yakanirudisha utu uzima.
Hili sikuliandika.

Niliandika: mafuta, lita thelathini na moja.
Siku tano baadaye, mafuta.
Linakunywa, jamani,
kama mtu aliyekula daku kwa papa mkavu.
Mkanda wa taimingi, laki moja na elfu tano.
Bushi za mbele. Bushi za mbele. Bushi za mbele:
iulizeni barabara ya Changamwe.
Plagi nne, zilizojificha ubavuni mwa injini,
fundi Mwadzaya wa Shimanzi akizing'oa kama magego,
akimlaani kwa Kidigo mhandisi asiyemjua.

Chumvi haina haraka.
Ilianza chini ya mlango wa nyuma, kushoto,
doa dogo, rangi ya hina iliyokwisha kuchujuka.
Nikalipaka rangi ya kucha ya Zuwena, buluu ileile.
Chupa ikaisha. Chumvi ikabaki.

Kiti cha nyuma hakina daftari, kina kumbukumbu zake:
vumbi jekundu la mabuyu ndani ya mshono, halitoki;
saba mara nane, saba mara nane,
Zuwena akikariri kwenye foleni ya feri
hadi mwenye gari la jirani akachungulia dirishani:
"Hamsini na sita, mwanangu, tupumzike."

Halafu pana ukurasa ambao mwandiko si wangu.
*Bamburi hadi hospitali, dakika kumi na moja. Athmani. Pumu.*
Chini yake, neno moja: *Ahsante.*
Badi hakuandika anamshukuru nani.
Mimi nilikuwa nyuma na mtoto kifuani,
nikihesabu pumzi zake, nikiisikia ile turbo,
na sijawahi kupenda kelele kiasi kile.
La mashindano hakuliuliza tena.

Mwezi jana alikuja kijana wa Tudor, pesa mkononi.
"Mama, nataka injini tu.
Bodi kauze kwa chuma chakavu."
Nilimpa kahawa na kashata.
Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana pesa ilikuwa nzuri
na mlango wa kushoto sasa unafungwa kwa kamba.
Nikamsindikiza hadi getini. Peke yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hili nimeliandika lote, na bado linapotea,
gamba kwa gamba, mbele ya macho yangu.

Jana, uwanja mtupu nyuma ya maghala.
Zuwena usukani, mimi pembeni,
mguu wangu ukikanyaga breki isiyokuwapo.
Jioni akaniomba kalamu:
*Kilomita laki mbili na elfu tisini na nane.
Limenizimikia mara sita. Ya saba, tukaondoka.*
Nikasoma, nikarudia kusoma.
Kisha chini yake, kwa mwandiko wangu:
oili, lita moja. Tena.